Tunabuni mnyama mwindaji wa baharini tumuite Chunusi. Angeweza kuishi kweli, na angeishije?

Mwalimu wa Kizota
Wakuu habari za jioni. Nafundisha baiolojia hapa Dodoma mjini na nasimamia klabu ya sayansi, wengi wao kidato cha pili. Watoto wengi hawajawahi kuiona bahari, maji makubwa wanayoyajua ni bwawa la Hombolo na Mtera basi. Muhula huu tumekubaliana tubuni mnyama mwindaji wa baharini, na sio kuchora tu lidude lenye mapembe, hapana, kila kiungo kiwe na sababu yake, anakula nini, anazaa vipi, anakufaje. Jina wamechagua wenyewe, Chunusi, maana kila mtoto ameshasikia kuna kitu majini kinavuta watu. Mpaka sasa tumempa urefu wa mita 9, anakaa kwenye mapango kwenye mkondo wa Pemba, anawinda usiku na ana mikono. Swali langu, mnyama wa hivi anaweza kuishi? Na kama anaweza, mbona hajawahi kuvuliwa? Leteni hoja zenye sababu, nitawasomea darasani.

Kambi Popote
Mbukwenyi! Natandika mkeka hapa nasubiri wataalamu.

Mzee wa Pwani
Chunusi hana haja ya kubuniwa mwanangu, yupo. Sisi wa Pangani tunajua kuna sehemu za maji hata mvuvi mzoefu hapiti saa saba mchana hovyo hovyo. Mtu anaogelea vizuri tu na wenzake, ghafla hayupo, hata kelele hapigi. Siku ya tatu anarudishwa ana damu puani. Sasa niambieni nyie wasomi, mnyama gani anaua halafu hali? Msiwaambie watoto ni samaki, wataenda kumtafuta.

Mwalimu wa Kizota
Shikamoo mzee. Hilo swali la mnyama gani anaua halafu hali nimelinukuu kama lilivyo, kesho linaenda ubaoni.

Daktari Nkuhungu
Mzee heshima yako, ila hayo yote matatu hospitali tunayaona na hayahitaji mnyama. Anayezama hapigi kelele kwa sababu mdomo wake unatoka juu ya maji sekunde chache tu, hizo anazitumia kuvuta pumzi, hana za kuita mtu. Damu puani ni povu linalotoka kwenye mapafu yaliyojaa maji, linakuwa na rangi ya waridi. Kurudi siku ya tatu ni gesi, mwili kwanza unazama, halafu bakteria wa tumboni wanatengeneza gesi mpaka mwili unaelea, na maji ya pwani yetu ni ya joto kwahiyo haichukui muda mrefu. Mkiona midomo au kope zimeliwa hao ni kaa na samaki wadogo, wanaanza na sehemu laini. Ushahidi wote huo unasema mtu kazama, hausemi nani kamzamisha.

Mzee wa Pwani
Umemaliza vizuri daktari. Hausemi nani.

Jarife
Mi nimevua Tanga miaka mingi kabla sijaja kuuza samaki hapa Majengo. Anayevuta watu ni mkondo, na mkondo ndio unaoua kuliko papa wote. Wimbi linasukuma maji mengi ufukweni, yale maji lazima yarudi, yanatafuta njia moja nyembamba kwenye mchanga au kwenye mwamba yanatoka kwa nguvu. Ukiingia humo hata uwe na mikono ya chuma ukipiga mbizi kurudi pwani hufiki, unachoka unazama. Na ile njia kwa juu inaonekana maji yametulia, mawimbi hayavunjiki, kwahiyo mgeni ndio anaipenda kwenda kuogelea hapo hapo!! Kipindi cha bamvua ndio mbaya zaidi, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, yakianza kutoka yanatoka na kila kitu. Ndugu zangu wa Dodoma mnaoshuka na treni ya mwendokasi kwenda kuogelea Dar, mkivutwa msipigane na maji, ogeleeni sambamba na ufukwe mpaka mtoke kwenye njia, ndio mrudi.

Binti Mpwapwa
Jarife asante, hii nimeituma kwenye grupu la familia. Ila mwalimu kauliza mnyama jamani, tusimuue Chunusi kabla hajazaliwa.

Simba wa Area D
Mwalimu usihangaike kubuni, megalodoni, yule papa mkubwa wa kale, bado yupo, yuko kwenye shimo la Mariana kule Pasifiki, kilomita 11 kwenda chini. Wazungu wanajua wanaficha.

Jiwe la Chinangali
Simba hapana. Megalodoni ametoweka zaidi ya miaka milioni 3 iliyopita. Tunamjua kwa meno maana papa mwili wake ni gegedu, haubaki kama mfupa, na meno yake yanafika karibu sentimita 18. Yule alikuwa mnyama wa bahari za joto na maji ya karibu na pwani, kwenye nyangumi. Huko Mariana angekula nini? Tena samaki wa chini kabisa kuwahi kurekodiwa kwenye video alikuwa kwenye mita 8,336 karibu na Japani mwaka 2022, na ni kasamaki kalaini hakana hata magamba. Kadiri unavyoshuka presha inaongezeka kila mita 10 kama uzito wa hewa yote ya juu yetu mara moja zaidi, inafika mahali hata protini za mwili zinashindwa kukaa sawa. Kina kirefu hakifugi majitu, kinafuga vitu vidogo vyenye njaa.

Simba wa Area D
Na ngisi mkubwa je? Yule si jitu na anakaa chini?

Jiwe la Chinangali
Hapo umeuliza la maana. Yule anafika mita 12 hivi ukihesabu na ile mikono miwili mirefu, jicho lake linafika sentimita 27. Wanasayansi walikuwa wanaokota mizoga tu na kuona makovu ya vinyonyeo vyake kwenye ngozi za nyangumi wanaomla. Picha za kwanza akiwa hai kwenye makazi yake zilipigwa 2004 na Wajapani Kubodera na Mori, kwenye kina cha mita 900. Kwahiyo mnyama mkubwa kujificha inawezekana, lakini aliacha alama miaka yote. Mwalimu waambie watoto Chunusi wao lazima aache alama. Mizoga yake iko wapi? Meno yake? Makovu yake yako kwa nani?

Mwalimu wa Kizota
Nimeipenda hiyo, tutatenga ukurasa mzima wa alama anazoacha. Swali la jana mmoja wao kauliza, hivi Chunusi hawezi kuwa na damu ya moto?

Binti Mpwapwa
Anaweza ila mtamfilisi. Mi nimesoma mambo ya samaki, nawapigia hesabu ya mkato. Kwenye mlolongo wa chakula karibu asilimia 10 tu ya nishati ndio inapanda ngazi moja kwenda nyingine. Chunusi akila jodari kilo 100, wale jodari walikula kama tani moja ya vibua na dagaa, nao walikula tani 10 za vidudu vinavyoelea. Sasa mwenye damu ya moto anakula mara nyingi zaidi ya mwenye damu ya baridi wa uzito ule ule, kwahiyo atalazimika kutoka kila siku na akitoka kila siku ataonekana. Mfanyeni wa damu ya baridi, mviziaji. Mamba anaweza kukaa miezi bila kula na bado yupo. Hiyo inajibu pia kwanini haonekani, anatoka mara chache tu.

Msukule wa Data
Binti hesabu nzuri lakini watoto wasije wakaelewa kwamba baharini wakati wowote kuna tani 10 za vidudu kwa kila kilo 100 za Chunusi. Ile ni nishati inayopita kwa muda, vidudu vinazaliwa na kuliwa haraka sana, ukivipima siku moja unaweza kukuta ni vichache kuliko samaki.

Binti Mpwapwa
Sawa, iandikwe hivyo. Na jambo lingine, mmoja hazaliani. Ukimbuni mmoja lazima ubuni ukoo mzima. Wanyama wa mita 9 hawawezi kuishi vizazi kwenye mkondo wa Pemba pekee, watakuwa wametapakaa mpaka Komoro na Msumbiji.

Kambi Popote
Yani uzi umeanza na Chunusi mmoja sasa tuna ukoo. Endeleeni.

Mtoto wa Bahi
Mi nasema hata Dodoma ilikuwa bahari zamani, ndio maana visima vyetu vina chumvi, na kule kwetu Bahi ardhi inapauka chumvi kabisa kiangazi. Kwahiyo mifupa ya hao wanyama wa bahari tungeitafuta hapa hapa.

Jiwe la Chinangali
Mtoto wa Bahi hiyo chumvi sio ya bahari. Bonde la Bahi maji yanaingia hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi iliyoletwa kutoka kwenye miamba inabaki, mwaka baada ya mwaka. Miamba ya Dodoma ni ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5, haijabeba samaki. Ukitaka samaki wa mawe kanda ya kati nenda Mahenge kule Singida, kulikuwa na ziwa dogo kwenye kreta miaka kama milioni 46 iliyopita, samaki wake wamebaki kwenye mawe mpaka miba inahesabika. Wamo hata wa ukoo wa perege. Ila ni maji baridi, sio bahari. Mambo ya bahari na mijusi mikubwa ni Tendaguru, Lindi, pale Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913 na mifupa ikaenda Berlin.

Mtoto wa Bahi
Sasa hiyo mifupa itarudi lini? Maana tunajadili mnyama wa kubuni wakati wa kweli wako Ulaya.

Kambi Popote
Huo ni uzi mwingine mkuu, ufungue tuje.

Haji wa Kusi
Mwalimu mnyama wako mnaye tayari Tanga, silikanti. Samaki wa kale, wa kwanza duniani alipatikana Tanga.

Jarife
Haji ndugu yangu, wa kwanza alipatikana Afrika Kusini 1938, yule mama wa makumbusho Courtenay-Latimer alimuona kwenye lundo la samaki wa meli. Wa pili Komoro 1952. Tanzania walianza kunaswa 2003 na Tanga ndio wakaja kuwa wengi, mpaka serikali ikaweka hifadhi ya bahari ya silikanti 2009. Sisi tulikuwa tunatega jarife, zile nyavu za papa, chini sana, karibu na miteremko ya mwamba, ndio akawa ananaswa. Silikanti mapezi yake yana shina la nyama, anayazungusha moja moja, kulia mbele na kushoto nyuma, kama mbuzi anavyotembea. Mita 2 hivi mkubwa wake. Hana fujo kabisa. Mchana analala pangoni, usiku anatoka kuwinda.

Mwalimu wa Kizota
Jarife hapo umenitatulia mikono! Watoto waling'ang'ania mikono na mi nilikuwa natafuta sababu. Mapezi yenye shina la nyama, anajishikilia mlangoni mwa pango mkondo ukipita kwa nguvu, mengine anashikia windo.

Daktari Nkuhungu
Tena silikanti anazaa watoto hai, hatagi nje. Utafiti wa 2021 ulikadiria mimba yake inachukua kama miaka 5 na anaishi hadi karibu miaka 100. Kuna papa wa Greenland ndio kiboko, utafiti wa 2016 ulionesha anaishi angalau miaka 272, na jike linaanza kuzaa likiwa na miaka kama 150. Chunusi wenu akiwa wa hivyo, mkubwa, baridi, taratibu, anayezaa mara chache, kila kitu kinakaa.

Simba wa Area D
Mi bado napinga. Mviziaji wa taratibu hawezi kumvuta mtu mwenye nguvu. Nampigia kura pweza. Mikono ipo, akili ipo, hana mfupa, anapita popote mdomo wake mgumu unapopita, mioyo mitatu. Pweza wa mita 9 aliyekaa pangoni miaka 50 nani atamuweza?

Binti Mpwapwa
Pweza hafiki miaka 50, wale wa kwetu wanaishi mwaka mmoja hadi miwili, hata yule mkubwa wa Pasifiki ni miaka 3 hadi 5. Jike akishataga anakaa na mayai hali chakula, yakianguliwa anakufa. Ukubwa wa pweza unapatikana kwa kula sana na haraka, tunarudi pale pale kwenye kuonekana.

Haji wa Kusi
Basi chewa. Mmemsahau chewa na ndio mkaaji wa mapango na meli zilizozama. Yule mkubwa kabisa anafika mita 2.7 na kilo 400. Hamng'ati mtu kwanza, anafungua domo ghafla na maji yote ya mbele yake yanaingia, windo linaingia na maji. Mtu wa Bahi chukua kambare muweke kwenye beseni, mdondoshee mdudu, angalia koo lake. Shingo inashuka chini, mashavu yanatanuka, mdudu anapotea na kambare hajasogea. Ukimpa Chunusi domo hilo hana haja ya kufukuza mtu, anavuta. Si ndio wanavyosema watu, nimevutwa?

Mtoto wa Bahi
Hiyo kweli kabisa, na perege pia. Maji yanasogea kwanza ndio mdudu anaondoka. Ukiweka majani makavu utaona yanaingia mdomoni yanatemwa.

Mwalimu wa Kizota
Jumatatu naleta beseni darasani.

Mkasi
Nimesoma kimya ila niseme la kwangu. Mdogo wangu alipotea Mtera, alikuwa na wenzake wanaoga jioni. Ukoo wote ulisema chunusi, mpaka leo mama hapiti barabara ile akiwa macho. Mtera mamba wapo na viboko wapo, na kuna tope la chini ukikanyaga mguu hautoki. Sijui lipi. Nilichoona ni kwamba waliposema chunusi watu walikubali haraka na hakuna aliyeweka hata kibao cha onyo pale.

Mwalimu wa Kizota
Pole sana Mkasi. Mungu awape nguvu, hasa mama.

Mzee wa Pwani
Pole mwanangu. Kibao kiwekwe, hilo na mimi nalisema.

Simba wa Area D
Pole kaka. Ila ndugu zangu hapa kuna jambo, si kuna papa anayepanda mito? Nimesikia Zambezi wanapatikana mbali na bahari. Ruaha si inaenda Rufiji na Rufiji baharini? Kwahiyo Chunusi anaweza kufika Mtera.

Msukule wa Data
Papa huyo yupo, Carcharhinus leucas, figo zake zinamruhusu kukaa maji baridi, wengi wangekufa. Lakini kutoka baharini mpaka Mtera kuna ukuta wa bwawa la Nyerere, halafu kuna Kidatu. Hapiti. Mtera tuwaachie mamba na tope kama alivyosema Mkasi, na ndio viwekewe onyo.

Jiwe la Chinangali
Narudi kwenye swali la Mzee, mnyama gani anaua halafu hali. Yupo. Afrika Kusini kuna nyangumi wauaji, yule mweusi na mweupe, wanaua papa weupe wakubwa, wanatoa ini peke yake, mzoga mzima wanauacha. Ini la papa limejaa mafuta, ndio penye faida. Papa wengine wakahama yale maeneo. Kwahiyo Chunusi anaweza kuwa mchaguzi, anachukua kiungo kimoja.

Daktari Nkuhungu
Kwa mtu angekosa faida, ini letu dogo. Ila kwa kasa au papa sawa.

Mzee wa Pwani
Angalau mmenijibu bila kunicheka. Ila nyangumi ana mapafu, lazima aje juu kupumua. Chunusi haonekani akipumua.

Mwalimu wa Kizota
Darasani hapo ndio pamegawanyika mzee. Kundi moja linataka matamvua, abaki chini daima. Jingine linataka mapafu kwa sababu wanasema mwenye mapafu anafukuza windo kwa nguvu zaidi. Kuhusu rangi wameafikiana, walitaka mweusi nikawaambia wafikirie mwekundu. Mwanga mwekundu unapotea kwenye mita za mwanzo za maji, wa bluu ndio unashuka mbali, kwahiyo chini mnyama mwekundu haonekani kabisa, na kuna wanyama wengi wa kina kirefu walio wekundu kwa sababu hiyo hiyo. Penseli nyekundu zimeisha shuleni.

Binti Mpwapwa
Kuna tatizo mnalipita. Mwindaji wa usiku wa mapangoni angefuata chakula, na kila usiku vidudu na samaki wa chini wanapanda juu kula, alfajiri wanashuka, dunia nzima. Chunusi angekuwa juu usiku wa manane. Watu mbona wanazama saa nane mchana?

Jarife
Na usiku tuko sisi. Giza la mwezi wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, bahari inawaka kama mji, kila kitu kinakuja kwenye mwanga, ngisi, vibua, pomboo. Angekuja.

Mwalimu wa Kizota
Kuna mtoto kauliza hivi, kama anazaa mara chache na anaishi miaka 100, jarife za papa si zingekuwa zimeshammaliza? Kama silikanti ananaswa mbona yeye hanaswi?

Jarife
Silikanti ni kilo 90 hivi, jarife linamshika. Mnyama wa mita 9 jarife halimshiki, analichana anaondoka. Na nyavu zilizochanika tunapandisha, tundu la kupita mtu mzima, kamba zimekatika pembeni sio katikati. Tunasema papa huyo, tunashona.

Daktari Nkuhungu
Tundu hilo hata mwamba unalitoboa, Jarife. Wavu ukijikwaa kwenye mwamba na mkondo ukavuta, kamba zinakatika pembeni hivyo hivyo.

Jarife
Mwamba unaacha chokaa kwenye nyuzi daktari. Njoo Majengo asubuhi nikuoneshe kipande, cha mwamba na kisicho cha mwamba, uje na mwalimu na watoto wake.

Mwalimu wa Kizota
Jumamosi saa tatu tupo hapo na watoto wa klabu.